Anza na mizani: kuchagua matairi ya pikapu inayobeba kempa

Tairi la nyuma la kushoto lilipasuka saa saba mchana, tukitoka Babati kuelekea Katesh, kwenye lami safi isiyo na shimo. Gari ni Land Cruiser mkonga ya milango miwili. Bodi yake tuliiondoa, na juu ya chesisi tukafunga kempa: chumba kidogo cha kulala chenye kitanda, jiko la gesi, friji, tangi la maji na kabati za nguo. Nilisikia mshindo, kisha mkia wa gari ukavutwa kushoto na chumba kizima kikaegemea huko. Sikugusa breki. Niliushika usukani kwa mikono miwili, nikaachia mafuta, nikaliacha gari lipungue mwendo lenyewe mpaka pembeni. Mke wangu hakusema neno mpaka tuliposimama.

Pale Katesh fundi wa pancha alilivua tairi kwenye rimu, akaliinamisha, na ndani yake ukamwagika unga mweusi kama masizi ya chungu. Akaupokea kiganjani, akanionyesha.

“Bosi, hili halijafa leo,” akasema. “Huu ni mpira wa ndani umesagika. Limekuwa likijisaga lenyewe siku nyingi.”

Matairi yale yalikuwa na miezi tisa. Meno yake yalikuwa marefu bado, mapana, yanavutia macho. Kwa kweli niliyanunua kwa sababu ya meno. Nilisimama dukani nikayaona yamekaa kibabe, muuzaji akaniambia hayo ndiyo matairi ya porini, nikalipa. Hakuna aliyeniuliza gari langu lina uzito gani, na mimi mwenyewe sikuwa najua.

Naandika haya kwa sababu kempa zimeanza kuonekana nyingi kwenye barabara zetu. Kampuni za Arusha zinakodisha magari ya namna hii kwa wageni wanaopenda kujiendesha wenyewe, na familia za hapa nazo zimeanza kujitengenezea. Watu wanatumia fedha nyingi kwa fundi wa kuchomelea, kwa sola na betri, kwa magodoro. Zamu ya matairi ikifika mfuko umeshalegea, na kinachonunuliwa ni kile kinachopendeza kwenye picha. Nataka uanze upande wa pili kabisa, yaani uzito.

Baada ya safari ile nilijaza tangi la maji, tangi la dizeli, mitungi ya gesi, vyombo, vyakula, nguo na kila kitu tunachobeba, nikampakia mke wangu, nikaenda kwenye mizani ya ghala moja la nafaka. Tulipima ekseli ya mbele, kisha ya nyuma. Halafu nikamwomba mwenye mizani kitu ambacho watu wengi hawakifanyi: tupime ekseli ya nyuma upande mmoja mmoja, gurudumu moja likiwa juu ya bamba na lingine nje yake, mahali palipo sawa. Nyuma kulikuwa na kilo 2,260. Ukigawa kwa mbili unapata kilo 1,130 kwa kila tairi. Lakini mizani haikugawa kwa mbili. Upande wa kulia ulikuwa na kilo 1,050, na wa kushoto 1,210. Tangi la maji, friji na betri zote fundi alizipanga kushoto, maana mlango wa kempa uko kulia.

Sasa tazama ubavu wa tairi lolote. Baada ya saizi utakuta tarakimu mbili au tatu na herufi, kwa mfano 112T. Ile 112 ni namba ya mzigo, na maana yake ni kilo 1,120 kwa tairi moja. Hayo ndiyo niliyokuwa nimefunga, matairi ya magari ya kifamilia yaliyochongwa meno ya porini. Tairi langu la kushoto lilibeba kilo 90 zaidi ya uwezo wake kila kilomita tuliyokwenda, na hapo sijahesabu kona, wala mashimo, wala upepo wa pembeni unaokisukuma kile chumba kirefu na kuuhamishia uzito upande mmoja.

Namba hizi hazipandi kwa hesabu nyepesi, kwa hiyo nakutajia zile utakazokutana nazo. 116 ni kilo 1,250. 120 ni kilo 1,400. 121 ni 1,450, 122 ni 1,500, 123 ni 1,550, na 126 ni 1,700. Ukiona namba mbili zilizotengwa kwa mkwaju, kama 122/118, ya kwanza ni ya tairi linalokaa peke yake, na ya pili ni ya matairi pacha ya nyuma kama ya lori. Land Cruiser yako ina tairi moja kila upande, basi soma ya kwanza. Herufi inayofuata ni ya mwendo: L ni kilomita 120 kwa saa, N ni 140, Q ni 160. Kwa gari lenye kempa hata L inatosha. Anayetaka kwenda zaidi ya hapo na nyumba mgongoni ana tatizo ambalo tairi haliwezi kulitibu.

Mimi nachukua uzito wa gurudumu lililolemewa zaidi, naongeza asilimia 20. Kilo 1,210 zikawa 1,452. Hapo nikajua natafuta tairi lenye 122 kwenda juu, na mazungumzo na muuzaji yakawa mafupi sana, kwa sababu zaidi ya nusu ya alichokuwa nacho dukani kiliondoka mezani papo hapo. Tahadhari moja: tairi imara haliongezi uwezo wa ekseli wala wa chesisi. Soma bamba la kiwandani mlangoni au kwenye kitabu cha gari. Mizani ikisema umezidi hapo, punguza vitu.

Kuna jambo jingine ambalo hata madereva wazoefu hulisahau. Ile namba ya mzigo ni kweli pale tu tairi linapokuwa na upepo wote ulioandikwa ubavuni. Mpira peke yake hauna nguvu ya kubeba tani. Kinachobeba ni upepo, na mpira ni mfuko wa kuushikilia. Chukua tairi la LT265/75R16 la daraja E la mzigo, ambalo wengi hulisifu. Likiwa na psi 80 linabeba kilo 1,550. Lipe psi 50, na linabeba kilo 1,120 tu. Yaani umelipa bei ya tairi la lori, kisha kwa kuogopa gari litarukaruka umeligeuza kuwa lile lile lililonipasukia Babati. Herufi LT zina maana ya gari dogo la mizigo. Saizi ikianza na P, au ikiwa haina herufi yoyote mbele na namba yake ya mzigo ni ndogo, hilo ni tairi la kubebea watu. Meno yasikudanganye.

Kinachoua tairi ni joto. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 80 huzunguka mara 400 hivi kila kilomita, na kila mzunguko ubavu hujikunja pale unapogusa chini, kisha hunyooka. Safari ya kilomita 300 ni mikunjo 120,000. Upepo ukiwa pungufu au mzigo ukizidi, mkunjo unakuwa mkubwa, mpira unachemka, tabaka za ndani zinaachana, ubavu unaanza kujisaga. Nje huoni kitu. Unakuja kuona unga mweusi kwenye kiganja cha fundi.

Nilipotaka kuelewa ubavu hasa ni nini, aliyenifundisha alikuwa mzee mmoja anayekata katambuga mnadani. Nilimsalimu, nikakaa kwenye ndoo yake, nikamtazama akipitisha kisu kwenye tairi kuukuu la lori. Kisu chake kilipita kwenye ubavu wa tairi la nyuzi taratibu, tabaka baada ya tabaka, na kila tabaka nyuzi zake zililala upande tofauti na lile la chini, kama ukili uliosukwa. Akanionyesha kipande kingine, cha tairi la gari dogo. Ubavu ule ulikuwa mwembamba, ukipindwa kwa vidole viwili unapindika.

“Huu haufai hata soli,” akasema. “Mwiba wa mgunga unaingia mpaka kwenye mguu.”

Tangu siku ile nikienda dukani, kabla ya kusoma chochote, naushika ubavu wa tairi kwa mkono na kuubinya. Halafu nasoma maandishi madogo yanayoeleza tabaka ngapi ziko ubavuni na ngapi ziko chini ya meno. Matairi mengi ya kawaida yana tabaka moja au mbili ubavuni. Kwa njia zetu tafuta yenye tatu kama mfuko unaruhusu. Mawe ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Engare Sero, chini ya Ol Doinyo Lengai, ni ya volkano, yana makali kama vipande vya chupa, na hayachomi pale penye meno. Yanachana ubavu. Pancha ya chini fundi ataiziba. Ubavu ukichanika, tairi limekwisha, na anayekushauri kuushona au kuubandika kiraka kwenye gari lenye kempa, mshukuru uondoke.

Basi ukiwa na gari kama langu, kwa kawaida utabaki na njia mbili. Ya kwanza ni tairi jembamba la 7.50R16, lile la Canter. Yapo yenye 122/118L, yaani kilo 1,500. Uzuri wake mkubwa ni kwamba unalipata karibu kila mji wenye Canter, na miji isiyo na Canter ni michache. Linakaa kwenye rimu nyembamba za zamani za mkonga, linapasua tope mpaka kufikia udongo mgumu, na ubavu wake ni mnene. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi linatumia tyubu, kwa hiyo kila mwiba unakulazimisha kulivua. Ni gumu, mgongo unalisikia, na kwenye lami yenye maji halishiki vizuri kama pana. Kama rimu zako ni zile zenye ringi ya chuma inayotoka, usikubali mtu ajaze upepo huku amesimama mbele ya gurudumu. Ringi ikiruka ni kama risasi. Ifungwe kwa mnyororo, na watu wakae pembeni.

Njia ya pili ni tairi pana lisilo na tyubu, kama hilo LT265/75R16 la daraja E, au LT285/75R16 lenye 126. Likitobolewa na mwiba unalitia uzi wa pancha hapo hapo bila hata kulivua. Linatulia zaidi barabarani, na ukipunguza upepo kwenye mchanga linatanuka vizuri. Lakini linataka rimu pana, inchi 7 au 8, na nimeona watu wakilibana kwenye rimu nyembamba za kiwandani. Katikati yake inavimba, mabega hayagusi chini, na ubavu unafanya kazi vibaya. Ukichagua pana, bajeti yako iwe na rimu ndani yake. Na valvu ziwe za chuma. Zile fupi za mpira za kuchomeka zinavumilia psi 65 tu, na wewe utapita hapo.

Mimi nilikwenda na jembamba. Sababu ilikuwa moja: tunapenda kwenda magharibi, Katavi na kwingineko, ambako nikihitaji tairi saa kumi jioni nataka lipatikane. Anayezunguka Arusha na Serengeti peke yake angeweza kuchagua pana, na ningemuunga mkono.

Wamarekani wana pikapu kubwa zaidi, kama Ford F-350, na kempa nzito kuliko zetu. Kwao wengi wanaobeba kempa kubwa huacha rimu za inchi 17 au 18 na kuhamia inchi 19.5, saizi ya malori ya kazi. Wamefika kule kule tulikofika sisi kupitia Canter: mzigo wa lori unataka tairi la lori.

Meno sasa, na nitapita haraka. Ya tope, yale yenye mapengo makubwa, waachie wanaoishi kwenye tope. Kutoka Dar es Salaam hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 600 za lami, na hata mtu wa porini anakula lami kuliko vumbi. Meno makubwa yanazalisha joto, yanapiga kelele, na mapengo yake yanabana kokoto zinazochimba mpaka ndani. Meno ya kati, ya kila njia, ndiyo yanayofaa. Kwenye udongo mweusi wa mbuga mvua ikiwa imenyesha, hakuna meno yatakayolisukuma gari la tani tatu na nusu. Ngoja pakauke.

Umri wa tairi ni jambo ambalo nalisisitiza kwa kila mtu. Ubavuni kuna maandishi ya DOT, na mwisho wake tarakimu nne. Ukiona 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tangu kiwanda cha General Tyre pale Arusha kilipoacha kuzalisha, karibu kila tairi tunalonunua limekuja kwa meli, limekaa bandarini, kisha ghalani, kisha nje ya duka likipigwa na jua. Mpira unazeeka hata usipoguswa. Dukani nageuza pande zote mbili, maana tarakimu hizo huwa upande mmoja tu na mara nyingi muuzaji ameuelekeza ukutani. Likipita miaka miwili silinunui kwa bei ya jipya. Likifika miaka sita garini nalitoa, hata kama meno yapo. Kempa ndiyo gari linaloumia zaidi kwa hili, kwa sababu inasimama miezi uani na mzigo wake wote, sehemu ile ile ya tairi ikikandamizwa. Inyanyue kwa stendi au uisogeze mara kwa mara, na uyafunike matairi kwa turubai.

Tairi la mtumba usilifunge nyuma. Historia yake huijui, na aliyeliuza huenda alikuwa na shida ile ile iliyonipata mimi.

Upepo upime asubuhi kabla gari halijatembea, kwa geji yako mwenyewe. Geji za vituoni zimeanguka chini mara nyingi mno. Baada ya saa moja ya mwendo simama upime tena. Madereva wa magari madogo ya mizigo wana kipimo chao: upepo ukipanda kwa psi 6 hivi, uko sawa. Ukipanda zaidi ya hapo, tairi linachemka, na maana yake upepo wa asubuhi ulikuwa mdogo, au mzigo ni mkubwa, au unakimbia. Wala usiupunguze hapo tairi likiwa la moto. Punguza mwendo, na kesho asubuhi ongeza.

Ukitoka Dar es Salaam na kulala ukingoni mwa Ngorongoro, mita 2,300 hivi juu ya bahari, utasikia watu wakisema huko juu matairi hujaa. Hewa ya nje ni nyepesi kule, kwa hiyo geji inasoma psi 3 au zaidi kidogo juu, lakini baridi ya asubuhi inazirudisha karibu zote. Usihangaike nayo.

Kinachohitaji mkono wako ni barabara ya vumbi kutoka geti la Lodoare kuelekea Naabi, ambayo miezi mingi inakuwa kama bati la migongo. Hapo ndipo bolti hulegea, shokapu huvuja na kabati za kempa hufunguka zenyewe. Napunguza upepo kama robo hivi, na mwendo sizidishi kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo ndani ya Serengeti. Vitu hivyo viwili vinakwenda pamoja. Ukipunguza upepo na kukimbia, umelichemsha tairi kwa makusudi. Kwa hiyo pampu ya upepo inayotumia betri si anasa kwa gari hili. Anayepunguza bila njia ya kurudisha atarudi kwenye lami na matairi laini, na lami ndiyo inayoua.

Spea ziwe mbili kama unaenda mbali, za saizi ile ile na namba ile ile ya mzigo. Spea dhaifu itafungwa siku ya shida, pengine kwenye gurudumu lililolemewa zaidi. Kila kilomita 8,000 hivi yazungushe yote, spea zikiwemo, ili nazo zile njia badala ya kuzeekea mlangoni. Jeki nayo ijaribiwe nyumbani, gari likiwa limejazwa kila kitu. Iliyokuja na mkonga mtupu huenda isiunyanyue mkonga wenye nyumba juu, na siku ya kulijua hilo isiwe ile mko Katavi na jua linazama. Chukua na kipande cha ubao mnene cha kuweka chini yake.

Tangi la maji tulilihamishia katikati, friji ikaenda kulia. Niliporudi mizanini, kushoto palisoma kilo 1,140 na kulia 1,120. Matairi yangu ya sasa yana mwaka wa tatu. Kila tunaposimama barabarani, mke wangu anashuka upande wake, mimi upande wangu, na kila mmoja anaweka kiganja kwenye ubavu wa tairi la nyuma. Tunaulizana: “Lako vipi?” Likiwa vuguvugu kama lenzake, tunapanda tunaendelea. Moja likiwa la moto kuliko jingine, geji inatoka kwenye droo kabla ya chai.